Mgema Akisifiwa: Sifa, Lawama na Afya ya Mtoto Anayesoma

Kila shule zinapofungwa, karatasi ya ripoti huingia nyumbani mwetu. Baba hutafuta miwani yake, mama huepua sufuria, na mtoto husimama mlangoni akisubiri neno litakalotoka. Neno hilo huwa fupi tu: "Hongera, una akili wewe," au, "Huna lolote, unapoteza ada bure." Wengi wetu tukishalisema tunalisahau. Mtoto halisahau, na hata mwili wake haulisahau. Ndiyo sababu mwezi huu tumeona yafaa kuzungumzia sifa na lawama katika ukurasa huu, ambao kwa kawaida huzungumzia malaria, lishe na maji safi.

TUMBO LA JUMATATU

Mama mmoja alitueleza habari za mwanawe wa darasa la tano. Kila Jumatatu asubuhi mtoto huyo alishikwa na tumbo. Hakuharisha, hakutapika, wala hakuwa na homa. Jumamosi na Jumapili alicheza mpira mpaka jioni bila taabu yoyote. Mama alimpeleka zahanati. Choo kikapimwa, damu ikapimwa, hakukuonekana minyoo wala malaria. Walipokwenda mara ya tatu, mwuguzi alimgeukia mtoto mwenyewe akamwuliza taratibu, "Mwanangu, Jumatatu kuna nini shuleni?" Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Tunarudishiwa madaftari ya majaribio."

Hapo ndipo habari yote ilipotoka. Mtoto huyu alipokuwa darasa la pili alishika nafasi ya kwanza. Nyumbani wakaacha kumwita kwa jina lake, wakamwita Profesa. Wageni walipofika, aliitwa sebuleni aseme majibu ya kuzidisha, na wageni wakapiga makofi. Alipofika darasa la tano mambo yaligeuka. Sehemu na desimali ziliingia, akaanza kupata nne na tano katika kumi. Mwalimu wake alikuwa na desturi ya kuwasimamisha mbele wale waliopata chini ya nusu, na wenzao huwazomea. Nyumbani, baba alipoona alama hizo alisema, "Kumbe Profesa gani huyu? Kichwa maji tu." Tangu siku ile mtoto alianza kuficha daftari chini ya godoro, na kila alipoulizwa amepata ngapi, alijiongezea alama.

Hatusimulii haya ili kumhukumu mwalimu yule wala baba yule. Wote wawili walimtakia mtoto mema. Tunayasimulia kwa sababu mtoto huyu hakuumizwa na lawama peke yake. Sifa za darasa la pili ndizo zilizotangulia kumwandalia maumivu yale.

MWILI UNAPOSIKIA MANENO

Mtoto anapoaibishwa mbele ya watu, mwili wake hufanya kama umekutana na nyoka njiani. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, kinywa hukauka. Damu hupelekwa zaidi kwenye misuli ya miguu na mikono ili mtu aweze kukimbia, na tumbo hupunguza kazi yake ya kusaga chakula. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine iitwayo kotisoli, ambayo hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mambo haya si deko. Mtoto asemaye tumbo linamwuma Jumatatu asubuhi mara nyingi hasemi uongo. Linamwuma kweli, hata kama hakuna mdudu ndani yake.

Hofu kidogo haina ubaya. Ndiyo inayotuamsha alfajiri siku ya mtihani. Lakini hofu ikizidi, hukalia mahali pale pale akilini ambapo mtoto angeshikilia namba anazozijumlisha. Ndiyo maana mtoto anayejua saba mara nane akiwa jikoni na mama yake hulisahau jibu hilo mara fimbo inapogongwa juu ya meza. Na hofu ya kila siku huacha alama zinazoonekana: usingizi wa shida, kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha, kukataa chai ya asubuhi, kichwa kuuma, ukali kwa wadogo zake.

Jambo hili si la watoto wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takribani kijana mmoja kati ya kila wanne alikuwa amepata ukatili wa kihisia kutoka kwa mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18. Katika utafiti ule, ukatili wa kihisia maana yake ni kuitwa majina mabaya, kufanywa ujione hutakiwi, au kutishiwa kutelekezwa. Tujiulize, ni mara ngapi maneno ya namna hiyo hutamkwa mbele ya karatasi ya ripoti?

TUISIKILIZE METHALI VIZURI

Baadhi ya wazazi, hasa akina baba, huogopa kusifu. Wakiulizwa sababu hujibu: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yaani mtoto ukimsifu atalegea, ataona amefika. Hofu hiyo ina msingi, na wazee waliotuachia methali hiyo hawakukosea. Lakini tuisikilize vizuri. Aliyesifiwa katika methali ni nani? Ni mgema. Watu walimwambia kwamba yeye ni fundi asiye na mfano. Hakuna aliyemwambia tembo lake lilikuwa zuri kwa sababu gani. Lau wangalimwambia, "Tembo la leo ni safi, hukuliongeza maji, na vibuyu vyako umeviosha," angalijua ni jambo gani alilinde kesho. Walimsifu mtu, wakaisahau kazi yake.

Wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha mwaka 1998 matokeo ya majaribio yanayofanana sana na methali hiyo. Waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya michoro, ya kiasi, ambayo wengi waliyaweza. Kisha kila mtoto akasifiwa. Wengine waliambiwa kwamba bila shaka wana akili. Wengine waliambiwa kwamba bila shaka wamefanya bidii. Tofauti ilikuwa sentensi moja tu. Halafu wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa wote. Mwishoni wakapewa tena mafumbo ya kiasi kama yale ya kwanza.

Waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko walivyofanya mwanzo. Waliosifiwa kwa bidii walifanya vizuri zaidi. Aidha, watoto wote waliombwa wawaandikie wanafunzi wa shule nyingine na kuwaeleza alama walizopata, bila kutaja majina yao. Kati ya waliosifiwa kwa akili, karibu wanne katika kila kumi waliandika alama za uongo, wakajiongezea. Kati ya waliosifiwa kwa bidii, aliyefanya hivyo ni mmoja hivi katika kila wanane.

Mtoto wa tumbo la Jumatatu naye alijiongezea alama, na sasa twaweza kuelewa kwa nini. Mtoto akiambiwa kila siku kuwa yeye ni Profesa, alama nne katika kumi humwambia kwamba yeye si Profesa tena. Hakupoteza hesabu moja tu. Amepoteza jina lake nyumbani. Ni nani asiyetaka kulificha jambo kama hilo?

Hatuna budi kusema pia kwamba tafiti zilizofuata hazikuona tofauti kubwa namna hiyo kila mahali. Wala kusifu bidii peke yake hakutoshi. Mwaka 2015 Dweck mwenyewe aliwaonya wazazi na walimu wasimwambie mtoto "umejitahidi" kama njia ya kumfariji tu, wakati hajajifunza kitu. Mtoto aliyekesha akikariri njia isiyo sahihi hahitaji kupongezwa kwa kukesha. Anahitaji kuonyeshwa njia nyingine.

SIFA KUBWA MNO NAYO HUUMIZA

Kuna kosa jingine la watu wema. Tunapomwona mtoto mnyonge, asiyejiamini, tunataka kumwinua, basi tunamwagia sifa kubwa kupita kiasi. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake wa Uholanzi walieleza walichokiona baada ya watoto kuchora picha na kusifiwa. Watoto wasiojiamini walioambiwa kwamba mchoro wao ni mzuri ajabu walipendelea baadaye kazi rahisi, wakaikwepa iliyo ngumu. Sababu yake si vigumu kuiona. Anayeambiwa leo kuwa amefanya ajabu atatakiwa kesho afanye ajabu tena, na yeye anajijua. Heri kumwambia, "Mchoro wako ni mzuri, na kivuli hiki cha mti umekiweka mahali pake." Sifa ya kiasi, yenye kuonyesha kitu, hubebeka.

NA LAWAMA JE?

Mwalimu wa saikolojia Elizabeth Hurlock alichapisha nchini Marekani mwaka 1925 jaribio ambalo hutajwa mpaka leo. Watoto zaidi ya mia moja wa darasa la nne na la sita walifanya hesabu za kujumlisha kwa siku tano. Kundi moja lilisifiwa kila siku mbele ya wenzao. La pili lilikaripiwa. La tatu lilikaa katika chumba hicho hicho likisikia wengine wakisifiwa na kukaripiwa, lakini lenyewe halikuambiwa neno. La nne lilikaa mbali peke yake.

Mwanzoni waliosifiwa na waliokaripiwa walipanda wote. Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Tunakaripia Jumatatu, tunaona mtoto anakazana Jumanne, tunasema dawa imefanya kazi. Lakini siku zilipoendelea waliokaripiwa walianza kushuka, na waliosifiwa waliendelea kupanda. Wale waliokaa wakisikia tu, bila kusemeshwa, walipata faida ndogo kuliko hata waliokaripiwa.

Hili la mwisho litufikirishe. Katika kila darasa na kila nyumba kuna mtoto wa katikati. Si wa kwanza wala wa mwisho, hasumbui, hasifiwi, hakaripiwi. Ripoti yake husomwa haraka na kuwekwa kabatini. Tunadhani kunyamaza kwetu ni amani. Kumbe kwake kunyamaza huko maana yake ni kwamba hakuna anayemtazama.

"ONGEZA BIDII"

Chukua ripoti ya mwanao uitazame mahali pa maoni ya mwalimu. Mara nyingi utakuta maneno kama "Vizuri", "Jitahidi", "Ongeza bidii". Jiweke katika nafasi ya mtoto. Kesho saa mbili asubuhi afanye nini kilicho tofauti na alichofanya jana? Maneno hayo hayamwambii.

Mwaka 1988 Ruth Butler alieleza uchunguzi wake juu ya wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Wengine walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu. Wengine walirudishiwa zikiwa na maelezo tu, yanayoonyesha lililofanywa vizuri na la kurekebisha. Wengine walipewa vyote viwili. Waliopewa maelezo tu waliendelea kufanya vizuri na kuipenda kazi. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na maelezo yale. Mtoto akiona alama, jicho lake hukaa hapo hapo. Hutazama ya jirani yake, hujipima, kisha hufunga daftari.

Hatusemi alama zifutwe, kwa kuwa mitihani ipo na alama zitakuwapo. Tunasema kwamba nyumbani tunaweza kuanza na daftari, alama zikaja baadaye. Tuone mfano. Mtoto wa darasa la tatu ameleta hesabu tatu za kutoa, zote zimekosewa:

52 − 27 = 35
84 − 36 = 52
61 − 45 = 24

Mtu akipita juu juu atasema mtoto huyu ni mzembe, au hajui kutoa. Lakini tazama tena. Katika mamoja ya hesabu ya kwanza ametoa 2 katika 7 badala ya 7 katika 2. Ya pili ametoa 4 katika 6. Ya tatu ametoa 1 katika 5. Kila mara amechukua tarakimu ndogo akaitoa katika kubwa, iwe juu au chini. Mtoto huyu hakubahatisha hata kidogo. Ana kanuni yake na ameifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe si sahihi. Makosa yake matatu ni kosa moja.

Ukimwambia "mzembe", atafanya nini? Ataongeza bidii katika kanuni ile ile, apate makosa mengine kumi. Lakini ukimwambia, "Makumi na mamoja umeyapanga vizuri. Sasa tazama mamoja. Una machungwa mawili, nakuomba saba. Utanipa?" atajibu kwamba hayatoshi. "Basi tukope kumi moja huku kwa jirani." Kwa vijiti vya fagio vilivyofungwa kumi kumi, kazi hiyo huchukua muda mfupi. Majibu yatatoka 25, 48 na 16. Hiyo nayo ni lawama, kwa maana ya kumwonyesha mtu alipokosea, na haikumwumiza mtu.

BILA UKALI, HAWATALEGEA?

Swali hili huulizwa kila tunapozungumzia jambo hili, na ni swali la haki. Watu wazima wengi wa leo walifundishwa kwa fimbo na matusi, na husema, "Mbona sisi tumekuwa watu?" Nao hukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tuna mfano wa jirani. Katika wilaya ya Luwero, nchini Uganda, kati ya mwaka 2012 na 2014 shule za msingi 42 zilishiriki katika utafiti. Nusu yake zilipewa mpango ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la huko huko Uganda, wa kuwasaidia walimu, wanafunzi na wazazi kujenga nidhamu bila kupiga wala kudhalilisha, na kutambua mema wanayofanya watoto. Mwishoni, katika shule zisizokuwa na mpango, karibu nusu ya wanafunzi walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki moja iliyopita. Katika shule zenye mpango walikuwa karibu watatu katika kumi. Bado ni wengi, lakini wamepungua sana. Watoto wa shule hizo walijisikia salama zaidi, na masomo yao hayakushuka kwa kupungukiwa fimbo.

Kuacha kumdhalilisha mtoto si kumwachia afanye apendavyo. Mtoto aliyeacha kazi ya shule akaenda kucheza lazima arudi aifanye, hata kama analia. Hapo hatupaswi kumchelea. Tofauti ni kwamba tunamwambia, "Kazi hii hukuifanya, kaa uifanye," wala hatumwambii, "Wewe ni mvivu tangu ulipozaliwa." Kazi isiyofanywa yaweza kufanywa jioni hii. Mtoto aliyeambiwa kuwa ni mvivu wa kuzaliwa atajirekebishaje?

KABLA YA KULAUMU, PIMA

Kama ukurasa wa afya, hapa tunalo la kusisitiza. Watoto wengine husemwa kuwa hawajitahidi kumbe ni wagonjwa, au hawaoni, au hawasikii.

Macho: Je, anasogeza daftari karibu na pua? Anakodoa macho akitazama ubao? Mfunike jicho moja, mwonyeshe kalenda iliyoko ukutani upande wa pili wa chumba, kisha mfunike la pili. Mlinganishe na ndugu yake. Ukiona tofauti, mpeleke kwenye kituo chenye kliniki ya macho.

Masikio: Je, hutoa usaha? Huongeza sauti ya redio? Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kadhaa, apelekwe akapimwe.

Damu na minyoo: Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na hushindwa kutulia katika somo. Tazama viganja na ndani ya kope za chini kama vimepauka. Zahanati itampima.

Njaa: Mtoto aliyekula jana jioni na atakayekula tena leo saa tisa hawezi kusikiliza kwa makini saa tano. Kipande cha muhogo, kiazi au kikombe cha uji asubuhi humsaidia kuliko karipio.

Kusoma kwenyewe: Wako watoto wenye akili timamu ambao herufi huwachanganya kwa miaka mingi, wakasoma b kama d na kuruka maneno. Hawa huhitaji muda na mwalimu mvumilivu. Kuwacheka huwafunga mdomo kabisa.

Na yule mwenye tumbo la Jumatatu apimwe kwanza kama wagonjwa wengine. Asiambiwe kwamba anajifanya. Kama vipimo havionyeshi kitu, ndipo tuulize anachokiogopa.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

1. Siku ya ripoti, soma kwanza peke yako. Hasira ikipanda, iweke karatasi mezani, nenda kanywe maji. Ripoti haiozi, yaweza kungoja mpaka kesho.

2. Lugha yetu ina neno zuri kwa aliyepatwa na jambo, nalo ni "pole". Tunampa aliyeanguka, aliyefiwa, hata anayetoka kazini. Mtoto aliyeshindwa mtihani naye amepatwa. Mwambie "pole" kwanza, kisha mkae chini mtazame.

3. Taja kitu alichokifanya. Badala ya "una akili", sema "umeangalia jibu lako mara mbili kabla ya kuandika". Badala ya "huna akili", sema "hapa umeruka hatua hii".

4. Baada ya kuonyesha kosa, onyesha hatua moja ya kufuata. Moja tu, si kumi.

5. Usimlinganishe na kaka yake, wala na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Tunza madaftari ya zamani kwa ajili hiyo.

6. Kosa lisemwe faraghani. Mtoto asirekebishwe mbele ya wageni, wala asiitwe sebuleni kuonyeshwa kama ngoma.

7. Usisifu uongo. Mtoto wa darasa la nne anajua kazi yake ikiwa mbaya, na akisikia unaisifu atadhani umemkatia tamaa.

8. Mkumbuke mtoto wa katikati. Mwombe akueleze jambo moja alilojifunza leo, umsikilize mpaka mwisho.

KWA WALIMU NA MAKATEKISTA

Ndugu zetu walimu, tunajua kwamba wako kati yenu wenye wanafunzi themanini au mia katika chumba kimoja. Hatuwezi kuwaambia mwandike maelezo marefu katika kila daftari kila siku. Lakini mnaweza kuchagua madaftari matano kwa siku na kuandika sentensi mbili katika kila moja, moja ya lililo zuri na moja ya la kurekebisha. Kwa mwezi, kila mtoto atakuwa amefikiwa. Kosa linalorudiwa na wengi andikeni ubaoni bila kutaja jina la aliyelifanya, darasa lote litafute limetokea wapi. Na yale makofi matatu ambayo darasa humpigia mwenzao, si lazima yamwendee aliyepata kumi katika kumi peke yake. Yamwendee pia aliyetoka tatu akafika tano, na darasa liambiwe amefanya nini hata akafika.

Makatekista nao wana watoto wanaojifunza sala na mafundisho. Mtoto aliyechekwa siku aliposahau mstari mmoja hukaa nyuma wiki inayofuata, na wiki ya tatu haji.

YULE MTOTO WETU

Wasomaji watataka kujua habari za mtoto wa tumbo la Jumatatu. Mama yake alikwenda shuleni akazungumza na mwalimu wawili tu, bila ugomvi. Mwalimu alishtuka, kwa kuwa hakujua. Akaacha kuwasimamisha watoto mbele. Kazi ya baba ilikuwa ngumu zaidi, kwani ilimbidi amwambie mwanawe kwamba neno lile la kichwa maji halikuwa la kweli. Alilisema jioni moja wakiwa wanamenya mahindi, akaongeza kwamba yeye mwenyewe sehemu zilimshinda shuleni, na akamwomba mtoto amwonyeshe.

Mtoto hakurudi kuwa wa kwanza. Muhula uliofuata alikuwa katikati ya darasa. Lakini daftari lake sasa hukaa mezani, siyo chini ya godoro, na Jumatatu anakunywa chai yake. Nyumbani wanamwita kwa jina lake.

Tunawatakia likizo njema. Ripoti zikifika, someni polepole.